Wimbi Unaonukia Moshi

Uingereza,
11 Januari 1998

Mpendwa Shangazi Ciakuthii,

Nakusalimu kwa Kiswahili, kama ulivyoamuru siku ile uliponisindikiza, ukisema kwamba Kimeru cha mama yangu hukielewi, Kiembu changu kinakuumiza masikio, na Kiingereza nitakipata cha kutosha huku. Mimi ni mzima. Baridi ni kali, naenda maabara nimevaa sweta mbili, ile uliyonifumia ikiwa ya ndani ili isichafuke. Baba ameniandikia kutoka Ruiri kwamba hii mvua ya El Niño imebomoa boma la mbuzi, kwa hivyo mbuzi wamehamia jikoni na Mama hataki mjadala. Nyinyi Karurumo mko vipi? Natumai bado unakunywa kibuyu chako cha uji wa wimbi kila asubuhi kabla ya kusema neno na mtu yeyote.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unakumbuka nilikueleza kwamba nasomea kuvu inayoshambulia wimbi, ile inayokausha shingo za masuke mpaka yanabaki matupu. Kuvu hiyo hujitengenezea rangi nyeusi, na bila weusi huo haina nguvu ya kutoboa jani. Ninaifuga kwenye visahani, inakula chakula laini chenye sukari. Miezi miwili iliyopita ilianza kufifia. Sasa ni nyeupe kama pamba, na nikiiweka kwenye jani la wimbi inalala tu pale kama mgeni aliyeshiba.

Nakuomba unitumie masuke yaliyougua, kama kumi hivi, ndani ya bahasha ya karatasi. Nimeambatanisha kibali cha serikali ya huku, ukibandike juu ya mzigo. Usiyaoshe wala usiyachague. Nataka mabaya kabisa, Shangazi. Si jambo la haraka sana, lakini ukiweza mapema nitashukuru.

Mtoto wa ndugu yako,
Kawira


Karurumo,
17 Februari 1998

Kawira mwanangu,

Barua yako ilifika ikiwa imelowa pembe moja, baada ya kuzunguka sijui wapi, maana barabara yetu imekatika mara mbili. Nimeisoma, nimeisahihisha, nimekupa nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa sababu ya mwandiko. Sikufundisha darasa la sita miaka thelathini na moja ili niandikiwe herufi zilizolala ubavu.

Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Jirani yangu Wambeti amepata mjukuu, na sasa hakuna anayeruhusiwa kuzungumza habari nyingine. Paa la kanisa lilivuja katikati ya mahubiri, mhubiri akamalizia akiwa amesimama juu ya kiti. Watu wanasema ndiyo mahubiri mafupi kuliko yote waliyowahi kusikia, na wanaomba lisizibwe. Baba yako alikuja kunitazama, akakaa siku mbili, akala kama aliyetoka jela. Mimi asubuhi siku hizi nakunywa chai. Chai inanifaa.

Mzigo nimeutuma. Bwana shamba alipita hapa akaniuliza wimbi wangu uko vipi, nikamwambia uko. Nawe nakujibu hivyo hivyo. Nimekutumia kilo mbili. Nilikaa kutwa nzima nikipepeta na kuchagua punje moja moja, kwa maana si wewe tu utakayeuona, na Wazungu watauona. Msichana wa nyumba yetu akiwa mbali hupelekewa wimbi uliopepetwa. Mama yangu aliniletea hivyo nilipokuwa chuo cha walimu, na mama yake alimletea hivyo alipoolewa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutumiwa kilichooza, na sitakuwa mimi wa kuanza.

Kibali chako nilikibandika. Karani wa posta alisoma ‘mimea yenye ugonjwa’ mara tatu, akanusa mfuko, akaniuliza, ‘Mwalimu, sasa ugonjwa uko wapi hapa?’ Nikamwambia kazi yake ni kupiga muhuri.

Ule vizuri. Usilale na nywele mbichi.

Shangazi yako,
Ciakuthii


Uingereza,
5 Aprili 1998

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Maxine, yule msichana wa Embu mjini anayesomea uuguzi, ninayekaa naye nyumba moja. Kumeanza kuchanua maua ya manjano kila mahali, na watu wa huku wanayasalimia kama wageni. Mpe Wambeti pongezi za mjukuu. Mwambie nimeambiwa habari zake kwa ufupi.

Mzigo ulifika. Kwa sababu ya kile kibali, ulifunguliwa kwenye chumba maalum, mimi na profesa wangu tukiwa tumevaa glovu na kufunika pua, kana kwamba ndani kuna chui. Profesa akakata uzi taratibu. Ukamwagika wimbi mwekundu, safi, unang'aa. Alichukua lenzi, akatafuta doa kwa muda wa nusu saa, asipate hata moja. Mwishowe akaniuliza kama shangazi yangu ni mkulima au ni sonara. Nilicheka. Halafu nilienda chooni nikalia.

Shangazi, nilikuandikia kwamba si jambo la haraka. Lilikuwa la haraka. Nimepewa mpaka mwisho wa Juni. Kuvu isipoamka kufikia siku hiyo, masomo yangu yatafungwa, nitapewa shahada ndogo na kurudi nyumbani miaka miwili kabla ya wakati. Sikutaka kukuambia kwa sababu mliniombea kanisani kwa jina langu, mbele ya watu wote, na nikaona haya. Sikulaumu hata kidogo. Najua mavuno yamekwisha na masuke mengine hayapo. Nimeona tu afadhali ujue.

Wimbi wenyewe haukupotea. Baada ya kuukagua walinirudishia, na kila Jumamosi tunapika uji. Unanukia moshi, ule moshi wa jikoni kwako. Mara ya kwanza Maxine alishika kikombe, akanusa, akanusa tena kabla ya kunywa. Siku ya Pasaka tutawapikia Wakenya wote wa hapa, kwa hivyo nadhani utaisha. Konzi moja nimeipanda kwenye makopo dirishani, kwa upweke tu, nipate kitu cha kumwagilia maji.

Wako,
Kawira


Karurumo,
3 Mei 1998

Kawira,

Sisi wazima, mvua imepungua, mjukuu wa Wambeti ameota jino. Salamu zimekwisha.

Umenikasirisha. Mtu nyumba yake ikishika moto hawaambii majirani ‘si jambo la haraka’. Ungeniambia ukweli wa tarehe, ningefikiri kwa namna nyingine. Tulikuombea kwa jina ili ukishindwa pia tujue ni nani wa kuombea. Hiyo haya yako umeirithi kwa baba yako, aliyewahi kutembea na kiatu chenye msumari kutoka Runyenjes hadi hapa bila kusema.

Sasa nimekwisha kukasirika, sikiliza. Nimeisoma tena barua yako ya Januari. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hiyo kuvu umeilea kwa sukari, kwenye sahani, bila kazi yoyote. Ifanye weusi wa nini? Kisha unasema uliiweka kwenye jani la wimbi ikalala. Wimbi gani? Hilo hukuniandikia. Kama ni ule wa mbegu bora za vituo vya kilimo, Wambeti anaupanda, na haushikwi ovyo na ugonjwa. Pia hauna ladha, lakini hayo ni maoni yangu. Huyo mgonjwa wako mvivu umempeleka kwenye mlango uliofungwa, halafu unamlaumu kwa kutoingia.

Wimbi niliokutumia ni ule wa nyanya yako, aliotoka nao Mbeere kwenye kiondo alipokuja kuolewa huku. Ndio mtamu kuliko wote na ndio unaoshikwa na kila kinachopita. Hayo mambo mawili hutembea pamoja. Umesema umepanda konzi moja dirishani. Imwagie kuvu yako hapo uone.

Uliobaki unyweni. Nilituma unywewe. Mimi nakunywa chai.

Shangazi


Uingereza,
21 Juni 1998

Mpendwa Shangazi,

Natamani ungeniona ninavyoandika mbio, kwa hivyo leo usikate alama za mwandiko. Wote wazima huku. Baba ameandika kwamba mbuzi wamerudi bomani na Mama amepaka jiko chokaa.

Barua yako ilifika Mei tarehe kumi na nane. Nilikimbia hadi maabara bila hata kufunga mlango wa nyumba. Ulikuwa umesema kweli. Mbegu niliyokuwa nikiitumia ilitoka kwenye hifadhi ya mbegu ya huku, na nilipochimba kumbukumbu zake nikakuta ni aina iliyochaguliwa kwa sababu haiugui. Miezi yote hiyo hakuna aliyeuliza, hata profesa. Nikachukua miche kumi ya wimbi wa nyanya, nikainyunyizia ile kuvu nyeupe. Kwenye miche mingi haikufanya kitu. Siku ya sita nikaona doa moja kwenye jani moja, dogo, la kahawia, kingo zake nyeusi. Nililitazama mpaka macho yakauma. Nikatoa kuvu kutoka kwenye doa hilo, nikainyunyizia miche mingine, na safari hii majani yakajaa madoa. Kwenye kisahani ilikuwa nyeusi kama masizi.

Ngoja nikueleze kilichotokea, maana profesa amenifanya nikieleze mara nne. Chukua uzi wako wa kiondo, ule unaousokota pajani. Ndani ya kila seli ya kuvu kuna uzi mrefu wenye maagizo yote, yaani jeni, na umezungushwa kwenye vibonge vya protini, vibonge maelfu, ili utoshe. Uzi pamoja na vibonge vyake tunauita kromatini. Mahali uzi umekazwa, agizo lililo ndani halisomeki, ingawa lipo. Sasa kuna protini nyingine ambazo kazi yao ni kusukuma vibonge na kulegeza uzi, agizo linalohitajika lisomwe, kisha kuukaza tena. Sisi tulidhani kuvu yangu imepoteza jeni za weusi. Haikupoteza kitu. Ilizikaza kwa sababu kwenye sukari hazikuwa na kazi, na ilipolikuta jani linaloingilika ikazilegeza.

Najuaje? Tuna kimeng'enya kinachokata uzi pale palipo wazi tu. Nilikitia kwenye kuvu nyeupe, pale penye jeni za weusi hakikukata. Nilikitia kwenye ile iliyotoka kwenye jani la wimbi wako, kikakata. Profesa alitazama picha, akavua miwani, akaenda kutia saini fomu yangu akiwa amesimama. Nitabaki mpaka nimalize, Shangazi.

Sasa nina swali, na naomba usinijibu kama ulivyomjibu bwana shamba. Jana Maxine aliosha mkebe wa wimbi, umekwisha kabisa, akasema mkebe bado unanukia moshi. Ndipo nikashtuka. Wimbi wa kula unakaa ghalani kwenye gunia na haunukii moshi. Kinachonukia moshi ni kile kinachofungwa mafungu na kuning'inizwa itara, pale darini juu ya moto, ili wadudu wasikiguse. Hiyo ni mbegu. Na tangu Februari, wewe uliyekuwa huwezi kumwitikia mtu kabla ya uji, umeniandikia chai mara mbili.

Shangazi, mara ya mwisho ulikunywa uji lini?

Kawira


Karurumo,
19 Julai 1998

Kawira mwanangu,

Tisa kwa kumi. Moja nimeikata kwa sababu ya kumhoji mkubwa wako kama polisi wa trafiki.

Nimeisoma barua yako kwa Wambeti kwa sauti, akaniuliza kama kuvu ina akili. Nikamwambia ina akili kuliko watu kadhaa wa kamati ya kanisa. Jumapili ilitangazwa kwamba umefaulu, na ile sehemu ya paa iliyovuja imezibwa, kwa hivyo shukrani zilikuwa ndefu. Nilifurahi mpaka nikaimba sauti ya tatu, nisiyoijua.

Haya, ukweli. Ilinyesha tangu Oktoba bila kupumzika, na shamba langu lote lilishikwa. Shingo zilikauka zote, ukishika suke linakunjika mkononi kama karatasi. Sikuvuna hata ya ungo mmoja. Wewe uliniomba masuke kumi mabaya, na mimi nilikuwa nayo ekari nzima. Nilisimama shambani na barua yako mkononi, nikaona siwezi. Bwana shamba amekuwa akiniambia miaka minane niache wimbi wa mama yangu nipande ule wa Wambeti, nami nimekuwa nikimwambia wangu hauna neno. Sasa niyatume masuke yale, yafunguliwe mbele ya maprofesa, na jina langu limeandikwa juu ya mfuko? Nikapanda kwenye itara nikateremsha mafungu ya mbegu. Ndiyo yaliyokuwa yamebaki. Nilijiambia mbegu nitaipata kwa watu.

Sikuipata. Nimeuliza mpaka Mbeere, kwa watu wa nyanya yako. Waliobaki nao walipigwa na mvua ile ile, na wengine waliuacha zamani. Wambeti alinipa debe la wake, nikashukuru, nikapika uji mara moja. Nimekwambia tayari kuhusu ladha yake.

Usilie, nakujua. Sijutii. Ungekuwa umekaa itara ungekuwa mbegu tu, na wewe ungekuwa umerudi nyumbani. Oktoba nitapanda wa Wambeti, nizoee. Mtu mzima huzoea.

Shangazi yako


Uingereza,
8 Septemba 1998

Mpendwa Shangazi,

Natumai barua hii itakukuta na afya, kwa maana inaletwa kwa mkono. Maxine anakuja nyumbani likizo na ameahidi kukufikia kabla hajafungua sanduku kwao. Muulize chochote, hawezi kunisingizia mengi.

Nililia, ndiyo. Nililia nikikumbuka Pasaka, watu kumi na wanane wakiomba kuongezwa. Tulikunywa mbegu ya nyanya, Shangazi, na nikawa naosha sufuria nikiimba.

Lakini kati ya ile konzi niliyoipanda kwa upweke, kulikuwa na miche kumi na minne ambayo sikuwa nimeipeleka maabara. Sikuwa na sababu ya maana, ilikuwa imependeza tu pale dirishani. Niliposhtuka juu ya moshi niliihamishia kwenye nyumba ya vioo ya bustani, mbali kabisa na kuvu yangu, na nikawa naingia kwake asubuhi kabla ya kwenda kazini, nimeoga, na nguo safi. Ilikua ikapita kiuno changu, na haikutoa suke hata moja. Nikachanganyikiwa. Mzee wa bustani ndiye aliyeniambia kwamba jua la huku wakati wa kiangazi linakataa kutua, na mmea wa kwetu unangoja kiza cha saa kumi na mbili kama cha kwetu. Basi kila siku saa kumi na moja jioni, jua likiwa kali, mimi au Maxine tulienda kuifunika kwa kitambaa cheusi, na asubuhi kuifunua. Wazungu walisimama kututazama. Siku ya ishirini na tano ilianza kutoa masuke.

Kwenye mfuko alioshika Maxine kuna gramu mia tatu na arobaini. Afisa wa afya ya mimea amezikagua, cheti kiko ndani, hazina ugonjwa. Nilizipepeta na kuzichagua punje moja moja. Sikutumia zaidi ya kile ulichonifundisha.

Naomba mambo matatu. Panda sehemu ya juu ya shamba, panapopitisha upepo. Ukiona mche wenye doa, ung'oe uuchome mapema, usione haya, bwana shamba akiwepo au asiwepo. Na nusu ya mavuno irudi itara. Nyanya naye alianza na kiondo kimoja.

Ulitufundisha darasani kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Safari hii tumefichuliwa wote wawili, na nashukuru.

Wako,
Kawira


Karurumo,
14 Februari 1999

Kawira mwanangu,

Wazima wote. Mjukuu wa Wambeti anatembea, na tumeshaelezwa hatua zake moja moja. Baba yako alikuja kusaidia kuvuna, akavuna kidogo, akasimulia sana. Maxine wako ni msichana mwenye adabu. Alikaa siku nne na akaniambia mambo yako yote, nitayashughulikia ukija.

Wimbi ulitoa mavuno ya nyungo saba. Si mengi, lakini niliyahesabu kama mtoto. Ugonjwa ulikuja, nikang'oa miche hamsini na mitatu mchana kweupe, bwana shamba akiwa amesimama pale pale akinisaidia. Wala hakuniambia ‘si nilikwambia’. Ameniomba kikombe kimoja cha mbegu akaonje. Nimempa nusu kikombe, kwa ajili ya ile miaka minane. Mafungu yako itara, nimeyafunga kwa uzi wa kiondo, na moshi umeshaanza kuyafikia.

Kwenye bahasha hii, chini ya kibali chako kipya alichokileta Maxine, utakuta masuke kumi. Nimezunguka shamba zima kutafuta mabaya kabisa. Sikuyaosha, sikuyachagua, na jina langu nimeliandika juu kwa herufi kubwa. Karani wa posta alichungulia ndani akarudi nyuma, akasema, ‘Mwalimu, huyu sasa ni mgonjwa.’ Nikamwambia ndiyo, ni wa kwangu, apige muhuri.

Naandika asubuhi na mapema, na bado sijasema neno na mtu. Kibuyu kiko hapa mkononi. Leo sikupika chai.

Shangazi yako,
Ciakuthii